Kuchagua Albamu Yako Moja ya Roki ya Mwaka 1975: Mwongozo Kamili

Kwa miaka mingi, nikiulizwa albamu ya roki ninayoipenda kuliko zote za mwaka 1975, nilikuwa najibu hata swali halijaisha: A Night at the Opera ya Queen. Mimi mtu wa Unguja, Freddie Mercury kazaliwa hapa hapa Mji Mkongwe mwaka 1946, kuna la kujadili? Mpaka jioni moja barazani jamaa mmoja, mtu wa maneno machache, akaniuliza: "Baada ya Love of My Life unafuata wimbo gani?"

Nikatoa macho. Albamu ile ina nyimbo 12, na mimi nilikuwa nazijua tatu, zile za redioni. Tisa zilizobaki sikuwahi kuzisikiliza kwa mpangilio wake hata siku moja. Jibu ni Good Company, na siku hizi hata ukiniamsha usiku wa manane nitakutajia.

Aibu ile ndiyo iliyozaa utaratibu huu. Unachukua wiki sita hivi, daftari moja, hedifoni zisizokwaruza, na bando la kutosha au Wi-Fi ya mtu mwenye roho nzuri. Unafaa kwa mwaka wowote. Mimi nautumia kwa 1975 kwa sababu mavuno ya mwaka ule hayafanani hata kidogo, na ndiyo maana kuchagua kunauma.

Hebu tazama. Januari Bob Dylan alitoa Blood on the Tracks. Februari wakaja Led Zeppelin na Physical Graffiti, santuri mbili kwenye jalada lenye picha ya jengo la New York ambalo madirisha yake yamekatwa kweli. Aprili, Toys in the Attic ya Aerosmith. Juni, Tonight's the Night ya Neil Young. Julai, Fleetwood Mac walitoa albamu yenye jina lao wenyewe, ya kwanza wakiwa na Stevie Nicks na Lindsey Buckingham. Agosti, Born to Run ya Bruce Springsteen. Septemba, Wish You Were Here ya Pink Floyd. Novemba, Queen. Kabla mwaka haujafunga, Patti Smith naye akatoa Horses, ambayo watu wa panki (punk, ile roki ya haraka na fujo) walikuja kuihesabu kuwa mlango wao. Na hapo sijawagusa Black Sabbath, Eagles, Jeff Beck, Elton John wala Kiss.

Hatua ya 1: Weka mpaka wa mwaka

Hili linaonekana dogo, lakini mabishano mengi huanzia hapa. Albamu ni ya 1975 kwa sababu ilirekodiwa mwaka huo, au kwa sababu ilitoka mwaka huo?

Physical Graffiti ndiyo mfano mzuri. Led Zeppelin walirekodi nyimbo nane mpya mwaka 1974, zikawa ndefu mno kuingia kwenye santuri moja. Wakaona bora watoe mbili, wakajazia kwa nyimbo saba zilizobaki kwenye vikao vya nyuma. Bron-Yr-Aur, kipande kile kifupi cha gitaa tupu, ni cha 1970. Tonight's the Night sehemu yake kubwa ilirekodiwa 1973, ikakaa kabatini miaka miwili. Tena mwaka huo huo Dylan alitoa The Basement Tapes, ambayo nyingi ya rekodi zake ni za 1967.

Ukifuata tarehe ya kurekodi utachanganyikiwa, maana albamu moja inaweza kugawanyika miaka mitano. Mimi nafuata tarehe ya kutoka, nchi yoyote itakayotangulia. Hata hivyo The Basement Tapes nimeitoa, kwa kuwa naiona ni mkusanyiko wa vitu vya zamani kuliko albamu iliyopangwa kuwa albamu. Unaweza kunipinga. Muhimu uandike sheria yako ukurasa wa kwanza wa daftari kabla hujaanza kusikiliza, usije ukaipinda baadaye ili kumwokoa unayempenda.

Amua pia kuhusu albamu za jukwaani. Kiss walitoa Alive! Septemba 1975 na ndiyo iliyowatoa. Bob Marley na The Wailers walirekodi onyesho lao la Lyceum, London, Julai mwaka huo, likatoka kama Live! Rafiki yangu mmoja wa Tanga hakubali orodha yoyote ya 1975 isiyo na Marley. Nami naipenda sana ile albamu, lakini hiyo ni rege na hapa tunachagua roki. Aanzishe orodha yake.

Hatua ya 2: Andika orodha ndefu, kisha iteketeze

Andika albamu 20. Usisumbuke na ubora bado, andika tu zote unazozijua na zote ulizosikia zikitajwa. Kisha punguza mpaka zibaki 6 au 7, kwa sababu binadamu mwenye kazi na familia hawezi kusikiliza zaidi ya hapo kwa makini.

Kata kwa sheria mbili. Kwanza, msanii mmoja albamu moja. Elton John alitoa mbili mwaka ule, Captain Fantastic mwezi Mei na Rock of the Westies mwezi Oktoba. Neil Young naye alitoa Tonight's the Night na baadaye Zuma. Chagua moja, nyingine iende. Pili, toa kila albamu ambayo umeiandika kwa sababu ya wimbo mmoja tu. Toys in the Attic iliniponyoka hapo: niliiandika kwa ajili ya Walk This Way, nikatafuta sababu ya pili, nikapata Sweet Emotion, nikatafuta ya tatu nikakosa. Mpenzi wa Aerosmith atanirushia kiatu, sawa.

Nilibaki na saba: Dylan, Led Zeppelin, Neil Young, Springsteen, Pink Floyd, Queen na Patti Smith.

Hatua ya 3: Kiri upendeleo wako kwa maandishi

Hatua hii ni ya dakika tano na wengi huiruka. Andika mbele ya kila albamu kwa nini unataka ishinde, mbali na muziki wenyewe.

Mimi niliandika hivi kwa Queen: "Mtoto wa nyumbani." Freddie jina lake la kuzaliwa ni Farrokh Bulsara, familia ya Kiparsi, akapelekwa shule Panchgani kule India, akarudi, kisha mwaka 1964 familia ikahamia Uingereza baada ya Mapinduzi. Mtu akisikia "Bismillah" katikati ya Bohemian Rhapsody, na yeye ameisikia Bismillahi tangu hajaota meno, moyo unaruka. Sasa moyo kuruka si kosa, lakini ujue unaruka kwa ajili gani. Kwa Pink Floyd niliandika: "Watu ninaowaheshimu wanaipenda." Hiyo ni aibu kubwa kuliko ya kwanza.

Ukishaandika, upendeleo unapungua makali. Hautoki wote, lakini angalau unauona umekaa pale.

Hatua ya 4: Tengeneza chombo chako

Hapa ndipo wasikilizaji wa siku hizi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kwenye programu ya muziki ya simu, zima kwanza kitufe cha kuchanganya nyimbo. Watu waliotengeneza albamu hizi walibishana wiki nzima juu ya wimbo upi ufuate upi, halafu simu inazivuruga kama karata. Pili, zima ile kazi ya kuunganisha mwisho wa wimbo na mwanzo wa mwingine. Wish You Were Here ina miunganiko yake ya makusudi: Have a Cigar inapoishia, sauti inanywea ghafla kana kwamba imehamia ndani ya redio ndogo, mtu anazungusha stesheni, ndipo gitaa la wimbo unaofuata linapoingia likiwa bado liko "redioni". Programu ikikuunganishia kwa akili zake, sehemu hiyo inaharibika. Tatu, zima usawazishaji wa sauti, ule unaofanya nyimbo zote ziwe na nguvu sawa. Albamu ina haki ya kunong'ona.

Halafu angalia toleo. Mengi yaliyoko mtandaoni ni matoleo ya anasa yenye nyongeza: majaribio ya studio, nyimbo za jukwaani. Hesabu nyimbo. Born to Run ni 8, Wish You Were Here ni 5, Horses ni 8, Blood on the Tracks ni 10, A Night at the Opera na Tonight's the Night ni 12 kila moja, Physical Graffiti ni 15. Zikizidi, tengeneza orodha yako mwenyewe yenye nyimbo za asili tu. Pakua zote ukiwa kwenye Wi-Fi, maana wimbo unaokatika kwa kuisha bando unakuondolea utulivu wote.

Jambo la mwisho ni pande. Waliokulia kwenye kanda wanajua raha ya kugeuza. Albamu hizi zilitungwa kwa pande mbili, na msikilizaji aliinuka kwenda kugeuza santuri. Kwa hiyo tafuta upande A unaishia wapi, simamisha pale dakika moja, nenda kanywe maji. Born to Run haieleweki bila kituo hicho: Thunder Road inafungua upande wa kwanza na Backstreets inaufunga, wimbo wenye jina la albamu unafungua wa pili na Jungleland unaufunga. Ni kama nyumba yenye nguzo nne kwenye pembe zake. Ukisikiliza mfululizo bila kupumzika, wimbo wa tano unakukuta umechoka na makelele, nawe unamlaumu Springsteen bure.

Hatua ya 5: Sikiliza kila albamu mara tatu, kwa hali tatu

Mara ya kwanza sikiliza ukiwa unafanya kitu: unapika, unafua, uko kwenye daladala. Usiandike chochote. Mara ya pili keti, vaa hedifoni, simu iwe kimya, andika mstari mmoja kwa kila wimbo, si zaidi. Mara ya tatu iwe usiku, kwa spika, sauti ya chini kabisa. Albamu nyingi za roki zinategemea nguvu ya sauti. Ukiishusha unaona kilichobaki, na pengine hakuna.

Mara ya pili ndiyo darasa lenyewe. Nikupe mazoezi matatu niliyoyafanya.

La kwanza ni Kashmir, kwenye Physical Graffiti. Acha mguu wako ufuate ngoma za John Bonham: moja, mbili, tatu, nne. Mguu ukishatulia, anza kugonga meza kwa kidole ukifuata gitaa: moja, mbili, tatu. Utaona mguu na kidole vinaachana, kila kimoja kinaenda zake, kisha baada ya mapigo 12 vinakutana tena mwanzoni. Ndiyo maana wimbo ule unaonekana kama msafara unaotembea bila kufika. Aliyekulia kwenye ngoma zetu, ambako msondo una hesabu yake na chapuo ina yake, atalipata hili haraka kuliko mwanafunzi wa piano. Na usidanganyike na jina: Robert Plant, mwimbaji wao, alipata maneno yake akiendesha gari jangwani, kusini mwa Moroko.

La pili ni Dylan. Alirekodi Blood on the Tracks New York Septemba 1974, majalada yakachapwa, kisha Desemba akiwa kwao Minnesota akaona hakuridhika. Akarekodi upya nyimbo tano Minneapolis na wanamuziki wa huko, ambao hata majina yao hayakuingia kwenye jalada la mwanzo. Wimbo wa kwanza, Tangled Up in Blue, ni wa Minneapolis. Wa pili, Simple Twist of Fate, ni wa New York. Sikiliza ule mpito kati yake: bendi nzima inatembea barabarani, halafu ghafla watu wote wameondoka chumbani, kabaki Dylan na gitaa lake, na besi peke yake inamsindikiza. Nilikuwa nimesikia nyimbo hizo mara nyingi bila kugundua kwamba chumba kimebadilika.

La tatu ni la kujifurahisha. Mwaka 1975 una vikohozi viwili mashuhuri. Kimoja kiko mwisho wa In My Time of Dying ya Led Zeppelin, baada ya dakika 11 za dhoruba. Kingine kiko mwanzoni mwa wimbo Wish You Were Here, kabla ya kuimba, kati ya yale magitaa mawili. Vitafute. Ukivipata, jua masikio yako yameanza kufanya kazi.

Na Queen je? Nilipokaa na A Night at the Opera kwa adabu, nilikuta albamu ambayo sikuwa naijua kabisa. Kwenye Lazing on a Sunday Afternoon sauti ya Freddie imepitishwa kwenye hedifoni zilizowekwa ndani ya ndoo ya bati, ndiyo maana inasikika kama gramafoni ya babu. Kwenye Seaside Rendezvous, "tarumbeta" na "filimbi" ni midomo ya Freddie na Roger Taylor, mpiga ngoma wao, na ule mlio wa viatu vya kudansi ni vidole vyao vyenye vikofia vya mafundi cherehani vikigonga meza ya mitambo. Nilicheka peke yangu kama mwehu.

Hatua ya 6: Pima albamu kwa wimbo wake dhaifu

Hiki ndicho kiini cha utaratibu wangu, na kama una muda wa hatua moja tu, fanya hii. Wimbo bora wa albamu tayari unaujua, dunia nzima inaujua. Bohemian Rhapsody ilikaa namba moja Uingereza wiki tisa na haihitaji kura yako. Albamu unayoipenda kweli ni ile ambayo hata wimbo wake wa mwisho kwa ubora hutaki kuuruka. Kwa hiyo weka alama ya msalaba kwenye wimbo mmoja dhaifu wa kila albamu, kisha usikilize huo tu mara mbili zaidi.

Kwa Queen niliweka Sweet Lady. Kwa Led Zeppelin, Boogie with Stu, ambao ni mchezo wa watu waliokuwa wakipumzika, na sidhani wenyewe wangekataa. Kwa Pink Floyd ilikuwa vigumu kwa sababu nyimbo ni tano tu, na mmoja umegawanywa mara mbili kufungua na kufunga albamu. Nikaweka Have a Cigar, ambao hata hawakuuimba wao, ameuimba mgeni, Roy Harper. Lakini hata huo nilipourudia sikuchoka.

Kwa Springsteen niliweka Meeting Across the River, na hapo nikajifunza kitu. Ukiusikiliza peke yake ni piano na tarumbeta na mtu anayesimulia dili la pesa kwa sauti ya chini, hauna misuli. Ukiurudisha mahali pake, kabla tu ya Jungleland yenye dakika zaidi ya tisa, unaona kazi yake: ni pumzi kabla ya kupiga mbizi. Kwa hiyo kabla ya kuhukumu wimbo dhaifu, usikilize pamoja na jirani zake wote wawili. Udhaifu mwingine umewekwa makusudi.

Horses niliishindwa. Nasema wazi. Naiheshimu, napenda jinsi Patti Smith anavyoanza kuongea kisha ghafla maneno yanakuwa wimbo, lakini mashairi yale yanamtaka mtu anayekipata Kiingereza kwa kasi ya kuzaliwa nacho, na mimi nilikuwa nyuma mstari mzima kila mara. Ikatoka. Kama wewe hilo halikusumbui, huenda ndiyo itakayokuwa yako.

Hatua ya 7: Zipambanishe mbili mbili

Usitoe alama kwa mia. Niliwahi kujaribu, nikampa mmoja 87 na mwingine 88 na sikuweza kueleza hiyo moja imetoka wapi. Pambanisha. Siku moja, albamu mbili, upande A wa kila moja tu. Kisha jiulize: kama ningekuwa na dakika 20 nyingine sasa hivi, ningegeuza ipi? Jibu lije bila kufikiri. Iliyoshinda inasonga mbele.

Tahadhari ni uchovu. Physical Graffiti ina dakika 82 na ukiipambanisha na Born to Run yenye 39 unaionea. Kwa santuri mbili, chagua upande mmoja kati ya minne. Mimi nilichukua wa pili, wenye Kashmir, ikamtoa Queen. Iliniuma. Nilisogeza daftari pembeni, nikaenda kutembea Forodhani, nikarudi, nikarudia pambano, matokeo yakawa yale yale.

Hatua ya 8: Historia isome mwisho

Kila albamu ina kisa chake na visa hivi vina nguvu mno. Ukishaambiwa kwamba Juni 1975, Pink Floyd wakiwa studio Abbey Road wanaishughulikia Shine On You Crazy Diamond, aliingia mtu mnene, kanyoa kichwa na nyusi, na ikachukua muda kumtambua kuwa ni Syd Barrett, mwenzao wa zamani ambaye wimbo wenyewe unamhusu, basi hutasikia tena noti zile nne za gitaa kama noti nne. Utamsikia Syd. Ni kisa cha kweli na kinatisha, lakini kinakupigia kura kabla hujapiga yako.

Ndiyo maana nakushauri ukae na muziki kwanza. Sikiliza ile dibaji ya wimbo huo, ya zaidi ya dakika nane kabla ya mtu yeyote kuimba, uone kama inakushika bila kujua lolote. Ikikushika, soma. Kisha sikiliza mara moja tena, andika kilichobadilika.

Hatua ya 9: Acha kusikiliza

Wiki tatu, usiguse hata moja kati ya hizo. Sikiliza taarabu, sikiliza bongo fleva, sikiliza mpira redioni. Daftari liwe karibu, na kila ukijikuta unaimba kimoyomoyo kipande cha albamu mojawapo, andika tarehe na wimbo.

Kwa mujibu wa mapambano yangu yote, mshindi alikuwa Wish You Were Here. Hakuna ubishi, daftari linasema hivyo, na wimbo wake dhaifu ni bora kuliko nyimbo nzuri za wengine. Lakini katika zile wiki tatu niliandika tarehe 14, na 9 kati yake zilikuwa za Tonight's the Night.

Hiyo ni albamu ambayo kwa sheria yangu ya wimbo dhaifu ingepaswa kuanguka mapema. Neil Young aliitengeneza baada ya kufiwa na watu wawili kwa dawa za kulevya: Danny Whitten, mpiga gitaa wa Crazy Horse, bendi iliyokuwa ikimsindikiza, mwaka 1972, na Bruce Berry, aliyekuwa akibeba vyombo vyao, mwaka 1973. Walikusanyika Los Angeles usiku, wakanywa, wakapiga wote kwa pamoja kama kwenye onyesho, na makosa wakayaacha. Kwenye Mellow My Mind anapanda kutafuta noti, sauti inakatika, na hakurudia. Wimbo mmoja, Come On Baby Let's Go Downtown, ni rekodi ya jukwaani ya 1970, na anayeimba ni Whitten mwenyewe: maiti ameletwa kukaa na wafiwa. Albamu inafunguliwa na inafungwa na wimbo ule ule.

Mwaka 1975 Young alikuwa na albamu nyingine tayari, Homegrown, laini na safi. Aliwachezea rafiki zake zote mbili usiku mmoja, akaamua kutoa ile chafu. Homegrown ikaja kutoka 2020.

Nilipoisikiliza mara ya kwanza nikiwa nafua, niliandika neno moja kesho yake: "walevi". Mara ya tatu, usiku, sauti chini, nikakumbuka matanga. Mtu anaanza kusoma, sauti inamkatika, na hakuna anayemwambia arudie vizuri. Nikaona siwezi kuweka msalaba kwenye wimbo wowote, kwa sababu msalaba ungestahili zote au usistahili hata mmoja.

Kwa hiyo likitokea hilo, daftari linasema hiki na ulimi unaimba kile, fuata ulimi. Daftari limekusaidia kufika mlangoni. Andika jina la albamu, tarehe, na sentensi moja ya sababu, kisha funga. Mwaka ukipita rudia hatua ya saba peke yake kati ya mshindi na aliyemfuata, maana masikio nayo huzeeka.

Nilirudi barazani. Jamaa yule wa maneno machache alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Baada ya Albuquerque?"

"New Mama."

Alinyamaza kidogo. "Hiyo albamu siijui," akasema, akatoa simu mfukoni kuitafuta.